Kuhudumia Afya ya Akili Vita Vikiendelea: Mwongozo Kamili kwa Wahudumu wa Afya na Wanaojitolea

Mwongozo huu ni wa muuguzi aliyebaki peke yake zahanati baada ya wenzake kukimbia, wa mhudumu wa afya ya jamii, wa mwalimu ambaye darasa lake sasa ni malazi ya wakimbizi, na wa ndugu mwenye mgonjwa nyumbani asiyejua ampeleke wapi. Huhitaji kuwa daktari wa magonjwa ya akili ili uutumie. Penye vita daktari huyo mara nyingi hayupo, na akiwepo hawezi kuwafikia watu wote.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa makadirio kwamba katika maeneo yaliyopitia vita ndani ya miaka kumi, takriban mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili: sonona, wasiwasi uliopitiliza, kiwewe, ugonjwa wa hisia mseto (furaha iliyopitiliza ikipokezana na huzuni) au skizofrenia (kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo). Takriban watu 5 kati ya 100 wana hali kali. Soma namba hizo kwa pande zote mbili. Watu wengi wanaolia, wasiolala na wanaoshtuka ovyo si wagonjwa, wana majonzi na hofu yenye sababu. Lakini wale 5 wenye hali kali wanaweza kufa wiki hii kwa kukosa dawa, kwa kupotea njia, au kwa kumsogelea askari asiyewaelewa.

Misaada ikifika, neno linalosikika kila mahali ni kiwewe. Vikundi vya mazungumzo vinaundwa, washauri nasaha wanaletwa, na wakati huohuo kijana mwenye skizofrenia ambaye vidonge vyake viliisha zamani amefungwa kamba nyuma ya nyumba, hakuna aliyemwandika popote. Jambo hilo linaniuma, na ndiyo sababu nimezipanga hatua hizi kwa kuanza na yule aliyekuwa mgonjwa kabla vita havijaanza.

Hatua ya 1: Watafute wagonjwa wa zamani

Hawatakuja wenyewe. Foleni ya zahanati imejaa watoto wenye homa, wajawazito na majeruhi, na familia yenye mgonjwa wa akili inaona aibu au inadhani huduma yake haipo. Nenda kwa wanaojua kila kaya: viongozi wa mtaa au wa kambi, wakunga, mashehe, wachungaji, waganga wa jadi, wanaogawa maji na chakula. Usiulize nani ni kichaa. Uliza hivi:

– Kuna mtu hapa anayeanguka kifafa?
– Kuna aliyekuwa akichukua dawa hospitali kila mwezi na sasa hazipati?
– Kuna anayezungumza peke yake, asiyeoga, asiyelala, au anayetangatanga?
– Kuna mtu ambaye familia yake haimtoi nje?

Swali la mwisho uliulize kwa upole, pembeni, ukiwa na mtu mmoja tu, maana majibu yake ndiyo yanayokupeleka kwa waliofungwa. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba watu wenye matatizo ya akili hufungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi zipatazo 60, na vita huongeza jambo hilo. Ukimkuta mtu wa namna hiyo, usianze kwa kuigombeza familia. Wengi wamemfunga kwa kumpenda: wanaogopa atatoka usiku na kuelekea kwenye kizuizi cha barabarani, na mtu anayesikia sauti kichwani huenda asisikie akiamriwa kusimama.

Kaa nao chini. Uliza nini kilitokea siku walipoamua kumfunga. Kisha uliza swali ambalo huenda hawajajiuliza: mabomu yakianza usiku, ufunguo uko kwa nani? Mara nyingi kimya kinachofuata ndicho kinachofungua mazungumzo. Anzisha dawa, rudi baada ya siku mbili au tatu, na mkubaliane kumfungua kwa vipindi: kwanza mchana akiwa na mtu mmoja anayemwamini, baadaye mchana kutwa, hatimaye na usiku. Mganga wa jadi au kiongozi wa dini akiwa anamhudumia, mpe heshima yake. Maombi na visomo viendelee, vidonge viendelee. Yasiyokubalika ni kipigo, kumnyima chakula na kumlazimisha kufunga.

Wagonjwa walio ndani ya hospitali za akili wasisahaulike hata kidogo. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977 katika Mikataba ya Geneva, inapoeleza nani ni majeruhi au mgonjwa anayestahili kulindwa, inataja waziwazi hata mwenye maradhi ya akili. Kipengele hicho ukikumbuke unapozungumza na kamanda au na msimamizi wa magari ya kuwahamisha watu, kwa sababu watakuambia kwanza wanatoka wagonjwa wa kweli.

Kinachowaua wagonjwa hawa kwa wingi ni njaa. Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, makumi ya maelfu ya wagonjwa walikufa katika hospitali za akili, wengi kwa kukosa chakula, kwa kuwa mgao wao haukutosha na hawakuweza kutoka kujitafutia. Katika hospitali ya Saint-Alban, kusini mwa nchi hiyohiyo, mambo yalikwenda tofauti. François Tosquelles, daktari Mkatalani aliyekuwa amekimbia vita vya Hispania, alifanya kazi na wenzake, watawa na wanakijiji. Wagonjwa walitoka nje ya kuta, wakafanya kazi mashambani na kubadilishana vitu na majirani, na hospitali ile haikuzika watu kama nyingine. Kwa hiyo ukiingia wodi ya akili wakati wa vita, kabla hujauliza dawa, uliza wamekula nini leo na jana, maji yanatoka wapi, na nani amekonda kuliko mwezi uliopita. Pima uzito. Andika majina yote katika nakala mbili, moja ikae nje ya jengo.

Hatua ya 2: Hesabu siku za dawa

Barabara ikifungwa, dawa hukatika kimyakimya. Kaa na kila mgonjwa, mmwage vidonge juu ya kitambaa mvihesabu pamoja, mgawe kwa dozi ya siku. Kwenye daftari andika tarehe ambayo kidonge cha mwisho kitamezwa. Tarehe hiyo ina maana kuliko tarehe ya kliniki. Ukishakuwa na orodha ya wote utajua wiki gani utakwama na nani wa kutafutiwa kwanza.

Mtengenezee kila mmoja kadi ndogo ya kukimbia nayo: jina la dawa la kitaalamu (la biashara hubadilika ukivuka mpaka), miligramu, mara ngapi kwa siku, na dawa iliyowahi kumdhuru. Jina la ugonjwa liache, au liandike kwa kifupi ambacho mhudumu wa afya tu atakielewa. Kadi yenye neno la ugonjwa wa akili inaweza kumletea balaa mikononi mwa mtu mwenye silaha. Iweke kwenye nailoni na ishonwe ndani ya pindo la nguo.

Dawa hazifanani, na kila moja ina hatari yake vita vikiendelea.

Fenobabitoni na kabamazepini, ambazo ni za kifafa, na diazepamu, ya kutuliza, zikiachwa ghafla baada ya kutumika muda mrefu zinaweza kuleta degedege lisilokatika, hata kifo. Ukiona shehena imebaki kidogo na hakuna nyingine njiani, ongea na mtaalamu hata kwa simu, mpunguze dozi polepole wakati vidonge bado vipo. Kumeza dozi kamili hadi cha mwisho kisha kukaa bila kitu ni njia mbaya zaidi. Familia ifundishwe la kufanya akianguka: mgeuze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie chochote mdomoni, usimbane. Degedege likipita dakika 5 ni dharura. Mwenye kifafa asipewe kazi ya kupika kwenye moto wa chini wala kuchota maji mtoni peke yake. Makambini majeraha ya moto hutokea sana namna hiyo.

Lithi, dawa ya hisia mseto, hutegemea maji na chumvi mwilini. Mtu akiharisha, akitapika, akitembea juani siku nzima bila maji, kiwango chake kwenye damu hupanda hadi kuwa sumu: mikono hutetemeka sana, hupepesuka, hutapika, huchanganyikiwa. Asimamishe dawa siku hiyohiyo na atafutiwe msaada. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari hiyo, nazo ndizo zinazogawiwa kwa kila majeruhi. Pasipo na maabara wala maji ya uhakika, daktari afikirie mapema kumhamishia dawa nyingine.

Klozapini, ya skizofrenia, inahitaji vipimo vya damu, na mgonjwa akiikosa kwa zaidi ya saa 48 asirudie dozi yake ya zamani. Huanza upya kwa kiwango kidogo. Valproeti, ya kifafa na hisia mseto, isitolewe kwa mwanamke anayeweza kupata mimba ikiwa kuna dawa nyingine, kwani huharibu ujauzito, na katika vita uzazi wa mpango ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukosekana.

Haloperidoli, nayo ya skizofrenia, ni dawa rahisi na inaokoa wengi, lakini waandae ndugu. Ndani ya saa au siku chache mgonjwa anaweza kukakamaa shingo, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka. Wasioambiwa huona ni jini limezidi, wanatupa dawa, na hawarudi. Hayo ni madhara yanayotibika kwa biperideni na kwa kupunguza dozi. Kwa anayetarajiwa kuhama, sindano ya flufenazini inayokaa wiki 2 hadi 4 inasaidia, maadamu amekwisha kujaribiwa kidonge cha aina hiyo na hakumdhuru.

Kuhusu upatikanaji: sanduku la dawa za dharura linalotumiwa na mashirika ya kimataifa, lililopangwa kwa watu 10,000 kwa miezi 3, lina dawa za akili na za kifafa. Liulizie. Usikubali dawa hizo zikae stoo kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuzitumia. Upo mwongozo mfupi wa WHO na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2015, ulioandikwa kwa madaktari na wauguzi wa kawaida walioko kwenye dharura.

Hatua ya 3: Saa na siku za kwanza baada ya tukio

Shambulio limepita, watu wamekusanyika. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kama ilivyofundishwa tangu mwongozo wake ulipotolewa mwaka 2011, ina mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha.

Angalia kwanza usalama wako, kisha nani ana jeraha, nani yuko peke yake, nani amepigwa bumbuwazi asiyejibu. Sogea taratibu, kaa kimo chake, jitambulishe. "Pole sana mama. Naitwa fulani, niko na watu wa afya. Nikae nawe kidogo?" Akikataa, mwambie utakuwa wapi. Akikubali, muulize anahitaji nini sasa hivi. Mara nyingi jibu ni maji, blanketi, simu, au habari za mtoto wake. Mletee hicho. Kuunganisha ndiko huko: kwa chakula, kwa daktari wa majeraha, kwa ndugu, kwa habari sahihi. Usiahidi usilokuwa nalo.

Akitaka kusimulia, sikiliza. Asipotaka, nyamaza naye. Kumkusanya mtu siku chache baada ya tukio na kumtaka asimulie kila kitu na alichohisi, kwa kikao kimoja cha kutoa yaliyomo moyoni, hakuzuii kiwewe na kunaweza kumzidishia, WHO haipendekezi. Wala usigawe diazepamu kwa waliofiwa ili walale. Hazizuii kiwewe, zinaleta uteja haraka, na mtu aliyelewa dawa hawezi kukimbia.

Maneno nayo yana uzito. Usimwambie "mshukuru Mungu wewe uko hai" au "najua unavyojisikia" au "jikaze, wengine wamepoteza zaidi". Kama yeye mwenyewe anamtaja Mungu, mfuate anakokwenda. "Pole" inatosha kwa mengi.

Anayehema haraka na kutetemeka, mwombe aweke miguu yake yote chini aisikie ardhi, atoe pumzi polepole kuliko anavyoivuta, akutajie vitu vitatu anavyoviona mbele yake. Fanya naye.

Hatua ya 4: Aliyechanganyikiwa ghafla, pima mwili kwanza

Mtu aliyekuwa mzima wiki iliyopita leo anapiga kelele, hajui mchana wala usiku, anaona wadudu ukutani. Kabla hujaandika ugonjwa wa akili, shika paji la uso, pima joto, pima sukari, angalia ulimi kama umekauka, papasa kichwa kutafuta jeraha, pima malaria kama ipo eneo hilo. Dalili kubwa ya ubongo ulioathiriwa na ugonjwa wa mwili ni kubadilikabadilika: saa hii anakujua, saa ijayo hakujui, na usiku huzidi. Mwenye saikosisi, yaani anayesikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo, kwa kawaida anajua yuko wapi na leo ni siku gani, hata kama anaamini redio inamtangaza yeye.

Uliza pia kuhusu pombe. Mji ukizingirwa, pombe huisha, na mnywaji wa kila siku huanza kutetemeka na kutokwa jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kati ya siku ya pili na ya nne. Hiyo ni arosto ya pombe na inaua. Hapo diazepamu ina kazi yake halali, ikiandamana na vitamini B1, chini ya uangalizi. Hali ni hiyohiyo kwa waliozoea vidonge vya usingizi.

Ukijiridhisha kwamba ni saikosisi, toa silaha na vyenye ncha kali chumbani, azungumze naye mtu mmoja tu kwa sauti ya chini, acha mlango wazi, dawa ianze kwa dozi ndogo. Usibishane naye kuhusu anachokiona, na usijifanye unakiona.

Hatua ya 5: Tofautisha hofu yenye sababu na ugonjwa

Hapa wageni hukosea sana. Kiwewe kama ugonjwa kiliingizwa kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya akili ya Marekani mwaka 1980, kufuatia madai ya askari waliorudi kutoka Vietnam, watu ambao hatari ilikuwa imeshawaondokea. Mtu aliye mahali mabomu bado yanaanguka hayuko hivyo. Kushtuka kwa kila mlio kunamfanya alale chini kwa wakati. Kukwepa soko lililopigwa jana ni akili timamu. Ukimtibu ili aache hofu hiyo unaweza kumuua.

Basi utapimaje? Kwanza muda: ugonjwa huo hautajwi kabla ya mwezi mmoja kupita. Pili, angalia saa za utulivu. Siku mlio haupo, analala? Anakula? Anawahudumia wanawe? Anaweza kukaa na watu? Tatu, angalia kama tukio linamrudia kana kwamba linatokea sasa hivi, mchana macho wazi au kwa jinamizi lilelile kila usiku. Anayeogopa lakini anapika, anachota maji na anagombana na jirani kama zamani, mpe kampani na habari za kweli. Aliyeacha kuamka, asiyemnyonyesha mwanawe, aliyekata tamaa zaidi ya wiki mbili, huyo ana sonona na anahitaji matibabu.

Dawa za sonona kama fluoksetini huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha nguvu, na huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya kupona. Kama huna uhakika wa shehena ya miezi, anza na tiba ya mazungumzo kwa mwenye hali ya kati. Amitriptilini, nayo dawa ya sonona, ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua, kwa hiyo mwenye mawazo ya kujiua apewe ya siku chache tu, na ishikwe na ndugu.

Usingizi usiupuuze. Wanaolala wengi chumba kimoja wapangiane zamu ya kukesha. Mtu anayejua fulani yuko macho kwa ajili yake hulala.

Hatua ya 6: Uliza kuhusu kujiua, waziwazi

Kuuliza hakumtii mtu wazo. Anza mbali kidogo: "Umefika mahali ukaona maisha hayana maana?" Kisha: "Umefikiria kujiua? Umepanga vipi? Unacho hicho kitu?" Katika vita jibu la swali la mwisho mara nyingi ni ndiyo, maana bunduki iko nyumbani. Iondolewe, pamoja na sumu za mashambani na vidonge vilivyorundikana. Asiachwe peke yake siku hizo, na uende kumwona kesho yake, hata kama huna jipya la kumwambia.

Hatua ya 7: Waliobakwa

Wakati una thamani kubwa hapa. Dawa ya kuzuia VVU ianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Hizo ni sehemu ya huduma ya akili, kwa kuwa hofu ya mimba na ya virusi humkosesha mtu usingizi kwa miezi. Usidai ushahidi wala hadithi yote ili umpe matibabu. Daftari la huduma hii lisiwe na rangi au meza yake ya pekee ambapo kila aliyepo foleni anajua nani amekwenda pale. Wanaume na wavulana nao hubakwa vitani, na karibu hawaulizwi kabisa. Uliza kila aliyewahi kushikiliwa kizuizini.

Huduma bora niijuayo huweka yote chini ya paa moja: upasuaji, unasihi, msaada wa kisheria na wa kujikimu, kama ilivyojengwa katika hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dkt. Denis Mukwege, mshindi wa Nobeli ya Amani wa 2018.

Hatua ya 8: Watoto, na waliopotelewa

Mtoto humsoma mama au mlezi wake. London ilipokuwa ikipigwa mabomu, Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliolea watoto katika vituo vyao, waliona kwamba kutenganishwa na mama kuliwaumiza watoto wengi kuliko mabomu yenyewe. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kutowatenganisha, na tiba ya kwanza mara nyingi ni kumtibu mama. Aliyerudia kukojoa kitandani, anayeng'ang'ania nguo, anayecheza mchezo uleule wa mazishi, asiadhibiwe. Mpe ratiba: saa ya kula, ya kusoma, ya kucheza, ya kulala, hata kama shule ni mkeka chini ya mti. Akiuliza baba yuko wapi, usimdanganye kwamba amesafiri. "Baba amekufa, hatarudi, na mimi nitakaa nawe" ni maneno magumu ambayo mtoto anaweza kuyashika. Uongo akiugundua, hamwamini tena yeyote.

Wasiojua kama ndugu yao yu hai wana huzuni isiyo na mahali pa kwenda. Familia inashindwa kuweka msiba, na nusu yake inamgombeza anayelia. Usiwasukume upande wowote. Waandikishe kwa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, ambao kutafuta waliopotea ni kazi yao ya miaka mingi, na wasaidie wapate namna ya kumkumbuka ambayo haimtangazi marehemu.

Hatua ya 9: Tiba za mazungumzo zinazoweza kutolewa na asiye daktari

Zipo, na zimepimwa. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi Wanyarwanda na Wasomali wenye kiwewe walihudumiwa na wakimbizi wenzao waliofunzwa. Mgonjwa husimulia maisha yake kwa mpangilio tangu kuzaliwa, furaha na maafa, hadi kumbukumbu mbaya zipate mahali na tarehe yake. Katika Kivu Kusini, wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono walipewa tiba ya kikundi na wasaidizi wenye elimu ya shule tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miezi 6 baadaye waliobaki na sonona au wasiwasi katika vijiji vya tiba ya kikundi walikuwa asilimia 9, na katika vijiji vya msaada wa mtu mmojammoja asilimia 42. WHO ina mpango wake wa vikao vitano: kupunguza msongo, kutatua tatizo moja kwa wakati, kurudi kwenye shughuli, na kujenga msaada wa watu. Mwingine hutumia sauti zilizorekodiwa kwa vikundi, na ulisaidia wanawake wa Sudan Kusini katika kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Uganda.

Sharti ni moja, na sitalilegeza: aliyefunzwa siku kadhaa lazima awe na msimamizi anayezungumza naye kila wiki kuhusu wagonjwa wake. Bila hilo usianzishe tiba ya kusimulia maafa. Na usiianzishe kama huna hakika mtakutana tena, maana kufungua kidonda na kuhama kesho ni kumtendea mtu ubaya.

Hatua ya 10: Wewe mwenyewe, na atakayekupokea

Unaomboleza mji uleule. Weka saa ya kuacha kazi, fanyeni kazi wawiliwawili, na kila jioni mwulizane siku ilikuwaje kabla hamjatawanyika. Mwenzako akianza kunywa kila usiku, kuwakaripia wagonjwa au kukataa mapumziko, mpumzishe kwa siku chache bila kumwaibisha.

Anza mapema kudai nafasi za kudumu. Fedha za dharura huja na kuondoka, lakini zinaweza kuacha kitu. Aceh, nchini Indonesia, huduma ya akili ilikuwa imekusanyika katika hospitali moja. Baada ya tsunami ya 2004 na amani ya 2005 ilisambazwa hadi vituo vya afya vya wilaya. Taarifa ya WHO ya mwaka 2013 iliitaja pamoja na Burundi, Somalia, Afghanistan na sehemu nyingine sita ambako maafa yaliacha huduma bora kuliko zilizokuwepo. Omba wauguzi wa serikali wafunzwe, dawa ziingizwe kwenye oda ya kawaida ya kituo, na takwimu za wagonjwa wa akili na wa kifafa ziwe na safu yao kwenye ripoti ya mwezi.

Siku ya kukabidhi, usikabidhi karatasi peke yake. Muonyeshe mrithi wako daftari la tarehe za kidonge cha mwisho, mwambie nani alikuwa amefungwa na mmefikia wapi na familia yake, nani ana mawazo ya kujiua na bunduki ilipelekwa kwa nani. Kisha mzunguke naye nyumba kwa nyumba kwa wenye hali kali, umtambulishe kwa jina, na dozi ya kwanza mbele yako aitoe yeye.